Grili isiyofunguka isipewe kibali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na madiwani wa Manispaa ya Tabora, wenye nyumba na mafundi wenzangu. Mimi ni mchomeleaji. Karakana yangu iko Isevya, na kama umejenga Tabora miaka ya karibuni, iwe Ipuli au Kiloleni, huenda madirisha yako yamepita mikononi mwangu au mwa kijana niliyemfundisha kazi.

Ombi langu ni moja. Kila chumba cha kulala kilicho chini, yaani kisicho cha ghorofani, kiwe na grili moja inayoweza kufunguliwa kutoka ndani bila ufunguo. Jambo hilo liingizwe kwenye sheria ndogo za Manispaa na liwe sharti la kibali cha ujenzi, kama choo kilivyo sharti.

Mteja akija kuagiza grili, swali lake la kwanza ni unene wa nondo. Nikimwambia milimita 12, anauliza kama hakuna nene zaidi. La pili ni urembo: anataka mikuki, maua, au jua linalochomoza kama aliloliona kwa jirani. La tatu ni bei, na hapo tunakaa sana. Swali la yeye mwenyewe atatokaje humo siku ya moto haliulizwi. Nikiligusa mimi, nasikia jibu lile lile: "Fundi, sasa unataka kumfungulia mwizi?"

Siwacheki. Mimi mwenyewe nimewahi kuibiwa mashine ya kuchomelea, na karakana ilikuwa na grili. Hofu ya mwizi ni ya kweli. Lakini tumeiacha itujengee nyumba peke yake.

Chukua nyumba zetu hizi za wapangaji. Korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mlango wa mbele na mlango wa uani. Ikifika usiku mwenye nyumba anafunga geti la mbele kwa kufuli, la uani kwa kufuli, na funguo anazilalia. Kwenye korido kuna majiko ya mkaa yaliyoingizwa ndani yakiwa bado ya moto, mtungi wa gesi wa mpangaji mmoja, ndoo za maji, na mwishoni kabisa pikipiki ya kijana wa bodaboda, tangi limejaa petroli, imeingizwa ndani kwa sababu nje itaibwa. Moto ukianzia hapo, milango yote miwili umeipoteza kwa mpigo. Linabaki dirisha, na dirisha lina nondo zilizozamishwa ukutani pande zote nne.

Kiangazi kimoja niligongewa usiku niende mtaa wa pili, maana watu wanajua nina grinda, mashine ya umeme ya kukatia chuma. Nilikimbia nayo. Nilipofika, umeme ulikuwa umeshakatwa, na ndivyo inavyotakiwa, huwezi kumwagia maji nyumba yenye umeme. Ila grinda bila umeme ni kipande cha chuma tu. Ndani ya chumba kulikuwa na mama na watoto wake wawili. Mtoto mmoja alikuwa amepitisha mkono katikati ya nondo, akanishika shati, hakuniachia. Nilikuwa namsikia akikohoa lakini uso wake sikuuona, moshi ulikuwa umejaa mpaka kwenye kizingiti cha dirisha. Vijana wakaja na mtaimbo. Tukaachana na nondo, tukaanza kubomoa ukuta chini ya dirisha. Bahati yao nyumba ile ilikuwa ya zamani, tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, zikaachia. Mama alitolewa hajitambui, akalazwa, akapona, na watoto nao wapo. Ingekuwa bloku na saruji kama tunavyojenga sasa, mtaimbo ungedunda tu.

Kesho yake nilirudi kuiangalia grili ile. Ilikuwa kazi safi ya fundi ninayemheshimu. Kila kiungo kimeshika, hakuna nondo hata moja iliyolegea.

Wengi tunadhani moto unaua kwa kuunguza. Mara nyingi moshi ndio unaotangulia. Godoro la sponji likiwaka linatoa moshi mweusi mzito, na ndani yake kuna monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomlegeza mtu kabla hajajua kinachoendelea. Chumba kidogo kilichofungwa hujaa moshi kwa dakika chache. Kwa hiyo namba 114 ya Zimamoto ipigwe, tena mapema, kabla ya kupiga picha za kurusha mtandaoni. Lakini gari la Zimamoto lina safari yake. Litoke kituoni, lifike mtaani kwako, likute njia imezibwa na kibanda cha mtu au rundo la mchanga wa mjenzi. Aliye ndani anazo dakika zile tu.

Sasa niseme habari ya mwizi, maana hapo ndipo mazungumzo yanapovunjikia. Si lazima grili nzima ifunguke. Nachukua sehemu moja ya dirisha, naitengenezea fremu yake, naifunga kwa bawaba mbili nzito, na pini za bawaba nazichomelea kichwani zisichomolewe. Upande wa pili naweka komeo la nondo ya milimita 16 inayoteleza ndani ya vipande vya bomba na kuzama kwenye tundu la fremu. Mkono wa komeo unakaa nyuma ya bati nene. Mwizi akivunja kioo na kuingiza mkono, atapapasa bati mpaka kuche. Aliye ndani anavuta mara moja, kidirisha kinafunguka. Mjukuu wangu wa miaka minane anakifungua gizani, nimemjaribu.

Kuna mambo mawili ambayo mafundi wenzangu huyakosea. La kwanza ni madirisha ya aluminiamu ya kuteleza. Kioo chake hufunguka nusu tu, kwa hiyo kidirisha cha grili kikae upande ule ule ambao kioo kinafungukia. Nimeona kazi nzuri, komeo laini kabisa, ukilifungua unakutana na kioo kisichosogea. La pili ni rangi. Fundi wa rangi akija anapaka kila kitu pamoja na komeo, likikauka limeganda, na kwa kuwa hakuna anayeligusa, mtakuja kujua siku mnayolihitaji. Komeo linatakiwa grisi. Na kufuli lisiwepo kabisa. Mtu anayeamshwa na moshi hatafuti ufunguo.

Bei? Kwangu mimi ni shilingi elfu thelathini juu ya grili ya kawaida. Nina wateja wanaoongeza zaidi ya hapo kwa ajili ya kichwa cha simba kwenye geti.

Nilipoanza kulifuatilia jambo hili kwenye simu nilikuta wenzetu walishaliandika siku nyingi. Marekani, kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi zinazofuatwa na majimbo mengi zinataka chumba cha kulala kiwe na upenyo wa dharura usiopungua inchi 20 kwa upana na inchi 24 kwa urefu, wenye nafasi ya wazi ya futi za mraba 5.7, au 5 kwa dirisha la chini, na usiwe juu zaidi ya inchi 44 kutoka sakafuni. (Fundi mwenzangu ukipiga hesabu utaona 20 kwa 24 hazifiki huko. Kwa hizo 5.7, ukibaki na upana wa inchi 20, urefu lazima upite kidogo inchi 41.) Kama kuna nondo, ziwe zinafunguka kutoka ndani bila ufunguo, bila kifaa na bila nguvu ya ziada. Kwa Kimarekani chao wamesema kile kile ambacho mimi nakibishania kila siku na wateja wa Isevya.

Tusiende mbali. Machi 2001, shule ya sekondari ya Kyanguli huko Machakos, Kenya, bweni liliungua usiku na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ikatoa mwongozo wa usalama shuleni: madirisha ya mabweni yasiwe na grili na yafunguke kwa nje, milango ifunguke kwa nje na iwe na upana wa futi tano, na kuwe na mlango wa ziada wa dharura katikati ya bweni. Sisi tuna kidonda chetu, shule ya sekondari ya wasichana Shauritanga kule Rombo, ambako Juni 1994 moto wa bweni uliua wasichana wapatao arobaini. Tabora ni mji wa shule za bweni na hosteli za vyuo. Mzazi anayempeleka mtoto hosteli anauliza ada, maji na chakula. Aulize na dirisha.

Sheria hatuna upungufu nazo sana. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 imelipa Jeshi hilo kazi ya kukagua majengo, na vyeti vya usalama wa moto vinatolewa. Lakini ukaguzi unazielekea zaidi biashara na majengo ya watu wengi. Nyumba ya kawaida, na hii ya wapangaji yenye korido, inakutana na serikali mara moja tu kwa karibu: siku ya kuombea kibali cha ujenzi. Hapo ndipo pa kuishikia. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji ya mwaka 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, kwa hiyo madiwani wetu wanaweza kuanza wao bila kusubiri Dodoma iamke, ingawa sheria ndogo hupelekwa kwa Waziri kuidhinishwa. Ramani ioneshe ni dirisha lipi lina grili ya kufunguka, na mkaguzi akija saiti alivute komeo kwa mkono wake.

Nyumba zilizokwisha kujengwa zina ugumu wake, nakubali. Huwezi kumwambia mjane wa Ng'ambo mwenye vyumba sita atoe grili zote wiki hii. Tuanze na nyumba za kulala wageni na hosteli, ambazo zinahuisha leseni. Mtungi wa kuzimia moto pale mapokezi ni mzuri, siukatai, lakini mgeni aliyelala chumba cha mwisho nyuma ya nondo hautamfikia. Wenye nyumba za wapangaji wapewe muda wa kueleweka, na kwa sasa angalau ufunguo wa geti la uani utundikwe ndani, mahali ambapo kila mpangaji anapajua. Hilo halihitaji fundi wala senti.

Nimetengeneza grili ya mfano, nimeisimamisha mbele ya karakana. Diwani, mhandisi wa Manispaa au mwenye nyumba yeyote aje ajaribu kuifungua akiwa upande wa nje, akiweza nampa soda. Fundi anayetaka mchoro aje na karatasi, nitamchorea bure.

Fundi wa grili,
Isevya, Tabora.