Kwako uliyelichoma daftari

Mdogo wangu,

Salamu nitakupa nikishapoa. Ulilichoma daftari mbele yetu, kurasa zote, kisha ukatuambia ilhamu imekukimbia. Hilo ndilo lisilonitoka. Mashairi yenyewe nisingeyalilia, mengine yalikuwa mabovu kweli. Lakini mle mlikuwa na vipande: nusu mistari, majina, maneno ya kuokota njiani. Hivyo ndivyo ghala la mtunzi.

Haya, anza upya. Tumia vikaratasi, maana daftari zuri humtia mtu woga wa kulichafua. Kila siku andika vitu 5 ulivyoviona au kuvisikia, kimoja kwa sentensi moja. Usiandike kwamba fulani ana huzuni. Andika mikono yake ilifanya nini. Baada ya wiki mbili utakuwa navyo 70. Vichanganye, chomoa viwili bila kuangalia, uvitie katika ubeti mmoja. Mara nyingi vitagoma. Dakika 10 zikipita, virudishe uchomoe vingine. Ukiving'ang'ania utaanza kuandika maelezo ya kuviunganisha, na shairi hufia hapo.

Halafu jifunge. Najua, kwako vina na mizani ni pingu, tumeshagombana sana kwa hilo. Tunga tarbia: mishororo 4 kila ubeti, mizani (silabi) 16 kila mshororo, yaani 8 ukwapi, nusu ya kwanza, na 8 utao, nusu ya pili. Kina cha kati kikilikataa neno ulilokusudia, utatafuta jingine, nalo huja na wazo ambalo hukuwa nalo. Georges Perec alitoa riwaya nzima ya Kifaransa mwaka 1969 bila herufi e, inayotumika kuliko zote katika lugha hiyo. Ila usichague kina cha -sha au -wa: karibu kila kitenzi kitaingia, na hutalazimika kutafuta chochote.

Kupumzika nako kuna wakati wake. Graham Wallas, msomi wa Kiingereza, mwaka 1926, alitaja hatua nne za ubunifu, na ya pili ni kuliacha jambo likae akilini. Ya pili, ndugu yangu! Ya kwanza ni kulishughulikia mpaka likushinde. Wewe ulikwenda kulala kabla hujashindwa na lolote.

Wanasema nilikufokea mbele za watu. Nilikufokea, ndiyo. Nani mwingine angekwambia, wale waliokuwa wakikupigia makofi?

Jozi ya kwanza ikikaa, nitumie. Nitahesabu mizani kwanza, sifa baadaye.