Barua kutoka botini

Kwenye boti, kati ya Sogndal na Bergen, Norwe
Juni 2026

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo, na wote hapo bwenini hawajambo. Mimi mzima, ila macho yamevimba, kwa hiyo ukinipokea uwanja wa ndege usianze kunicheka. Boti imeshaondoka Sogndal na ina karibu saa tano mpaka Bergen. Mtandao huku katikati ya milima unakuja na kukatika, nikaona bora nichukue karatasi nikuandikie, maana kwa kurekodi sauti ningelia tu usielewe neno.

Nianze na shule nilipofanyia TP yangu, yaani mazoezi ya kufundisha, kwa kuwa kuagana na shule kulikuwa kwepesi. Unakumbuka ulivyoagwa Tandahimba ulipomaliza TP yako? Mkuu wa shule alihutubia, mwenyekiti wa kijiji naye akahutubia, watoto wakaimba, ukarudi Dar na jogoo na mfuko wa korosho. Mimi mkuu wa shule alinipa ua, akasema sentensi mbili tatu, kisha watoto wa darasa la sita wakapanga foleni mlangoni kunipa mkono, mmoja mmoja, wakiniita "Halima" kavu, bila mwalimu wala madam. Huku ndivyo wanavyowaita walimu wote, hata mkuu wa shule. Nilishazoea, lakini siku hiyo ningelipa hela nisikie "shikamoo mwalimu" moja tu.

Watoto wenyewe ni 22. Ninajua unacheka, wewe uliyekuwa na zaidi ya 90 na madawati hayatoshi. Shule ya msingi huku haitoi maksi za mitihani, zinaanza darasa la nane. Andalio la somo langu la kwanza, lile la kujaza kila dakika kama tulivyofundishwa, mwalimu mlezi alikata nusu yake na kuniuliza watoto watapumua saa ngapi. Kila wiki kuna siku ya kusomea nje, mvua inyeshe isinyeshe, na sehemu hii ya Norwe mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha tu. Wanawasha moto msituni, wanapewa visu wachonge vijiti. Visu, Zuhura, watoto wa miaka kumi na moja! Huko ndiko nilikowafundisha mchakamchaka, wakakimbia kwenye theluji wakipiga kelele "chinja!" mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Nashukuru hakuna mzazi aliyeuliza maana yake.

Kilichoniliza ni nyumba mbili.

Ya kwanza ni ya mama wa mjini, niliyekaa kwake tangu Januari mpaka Pasaka. Yeye ni muuguzi, wanawe wameshahama. Mwaka huu Ramadhani ilianza katikati ya Februari, mchana bado mfupi, kwa hiyo saumu haikunitesa. (Ingeangukia sasa, jua linapozama karibu saa tano usiku, sijui ningefanyaje.) Sikumwomba chochote, nilimwambia tu kwamba nimefunga. Usiku wa kwanza saa kumi na moja alfajiri nikasikia sufuria jikoni. Nimemkuta na kanzu yake ya kulalia, anakoroga uji wa shayiri, amewasha mshumaa. Hakula, alikaa tu mezani akinitazama ninavyokula, kisha akarudi kulala. Akafanya hivyo kila siku asiyokuwa zamu ya usiku hospitalini, mwezi mzima, na hakuwahi kulizungumzia hata mara moja.

Ya pili ni ya babu wa kondoo na mkewe, nje ya mji, kando ya fjordi yenyewe. Sognefjord hiyo ninayopita sasa hivi, bahari iliyoingia bara zaidi ya kilomita 200, na kuna mahali kina chake kinapita mita 1,300. Babu ana kondoo na miti ya matufaha. Mwezi wa tano kondoo walipokuwa wanazaa, aliniweka zamu kama mwalimu wa zamu, jina langu limeandikwa kwenye karatasi ukutani. Kuna mwanakondoo mmoja mama yake alimkataa. Tukamweka kwenye boksi la ndizi karibu na jiko, nikamlea kwa chupa. Wiki iliyopita tuliwapandisha wote mlimani, watachunga wenyewe huko mpaka Septemba. Yule wangu aligoma, kila nikigeuka yupo nyuma yangu, na babu akasema huyu anaamini wewe ndiye kondoo. Septemba wakishushwa wengi wanakwenda machinjoni, hilo tusilizungumze.

Sasa sikiliza ya kuaga. Jumapili mama wa mjini aliwaalika na wale wa kondoo, tukala samaki na viazi. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nimevaa kitenge kile nilichovaa tarehe 17 Mei kwenye maandamano ya watoto ya sikukuu ya katiba yao ya 1814, na hotuba ninayo kichwani. Nikasimama. Nikawashukuru kwa niaba ya baba na mama yangu, nikaomba radhi kwa lolote nililowakosea, nikasema kwetu mgeni akikaa hivi huwa si mgeni tena, ni mtoto wa nyumba. Nikakaa. Kimya. Babu anatazama sahani. Mkewe anakunja kitambaa cha mezani, anakikunjua, anakikunja tena. Mama wa mjini akauliza nani anataka kahawa zaidi, na kabla hajajibiwa ameshaingia jikoni. Alikaa huko muda ambao ungetosha kuivisha maharage. Aliporudi alikuwa amenawa uso, na kahawa hakuileta.

Watu hawa hawajui kuaga, au niseme wanaaga kwa mikono. Leo asubuhi babu alikuja bandarini na nguo zake za zizini. Aliniuliza kama tiketi ninayo. Nikamwonyesha. Akauliza tena. Akabeba begi langu akaliingiza ndani ya boti mwenyewe ingawa mguu unamsumbua, akaniwekea mkononi soksi nene za sufu walizofuma na mkewe. Soksi za sufu, za kwenda Dar! Akasema kwenye ndege kuna baridi. Mama wa mjini naye alinipa mkate wa safari. Nimeufungua sasa hivi: vipande vina ile jibini ya kahawia niliyokuwa nikiinunia Januari, na kati ya kipande na kipande ameweka kijikaratasi chembamba visishikane, kama alivyokuwa akinifungia kila asubuhi ya shule. Hapo ndipo nilipoanza kulia mpaka mzee mmoja wa kiti cha mbele akanipa leso bila kugeuka.

Kinachonisumbua ni deni. Wewe jogoo wa Tandahimba ulimlipa kwa kupeleka sukari na vitabu. Mimi hawa nitawalipa nini? Nimewaambia waje. Mama wa mjini amesema labda akistaafu, na babu amesema nani atabaki na kondoo. Nitawatumia karafuu na khanga, lakini tujuane, hiyo si malipo.

Mengine, pamoja na habari ya fedha zetu za kujikimu zilivyochelewa, tutaongea ana kwa ana. Usiku huu nalala Bergen, kesho ndege mpaka Amsterdam, halafu nyumbani. Njoo na daftari langu la azimio la kazi, nadaiwa ripoti ya TP kabla ya mwisho wa mwezi na sijaandika hata mstari. Uje na chapati pia. Na mama yangu akikupigia, usimwambie kwamba nimenenepa, ataona mwenyewe.

Wasalaam,
Shoga yako Halima