Msomaji wa Kigoma asikiuze kifaa chake

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wa Kigoma aliyeandika katika safu hii wiki mbili zilizopita. Alisema amenunua kigeuzi kipya cha sauti, kile kijisanduku ambacho wauzaji wanakiita daki, akakiunganisha na amplifaya yake ya siku nyingi, na alichokipata ni mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Alimaliza kwa kusema vifaa hivi ni wizi mtupu na kwamba chake atakiuza kwa bei yoyote atakayopewa.

Mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Kanyenye hapa Tabora. Tangu 2008 kazi yangu ni kuhamisha kanda za kaseti, zamani kwenda kwenye CD na siku hizi kwenye flashi. Watu wananiletea harusi za wazazi wao, kwaya, mawaidha, sauti za bibi waliokwisha kututoka, na muziki wa dansi uliorekodiwa kutoka redioni. Mvumo wa nyuki naujua, babu yangu mzaa mama alikuwa mrina asali upande wa Sikonge. Na huo wa amplifaya naujua pia, kwa sababu ulinipata sebuleni kwangu usiku wa kwanza nilipowasha kigeuzi nilichokiwekea akiba miezi minane. Nilikaa kwenye kochi machozi yakinilengalenga.

Nianze na kifaa chenyewe, maana nadhani wengi tunakinunua tukitarajia kisichokuwamo. Muziki ulio ndani ya kompyuta au simu ni tarakimu tu. CD, tangu zilipoingia sokoni mwaka 1982, huhifadhi tarakimu 44,100 kwa kila sekunde, kushoto zake na kulia zake, na kila tarakimu inaeleza wimbi la sauti lilikuwa limefika ngazi gani kati ya ngazi 65,536. Kigeuzi kinazisoma kwa mwendo usioyumba na kuzifanya umeme unaopanda na kushuka, halafu amplifaya inaukuza umeme huo mpaka uweze kusukuma spika. Hata simu yako ina kigeuzi chake ndani. Hiki cha nje kinafanya kazi ileile mahali patulivu zaidi, mbali na makelele ya umeme yaliyojaa ndani ya kompyuta. Gitaa ambalo halikurekodiwa hakitakuletea.

Sasa ule mvumo. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ile sauti nzito anayoisikia ndugu yetu ndiyo hiyo 50, pamoja na ndugu zake 100 na 150. Fundi niliyemwita kwanza alisikiliza, akatoa koleo, akataka kuvunja mguu mrefu wa plagi ya chaja ya laptopu. Nilimshika mkono. Ni kweli mvumo ungekufa, lakini mguu ule ndio njia ya ethi. Upo ili siku hitilafu ikitokea ndani ya chaja, umeme ukimbilie ardhini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Nina mtoto wa miaka sita anayeshika kila kitu. Yeyote aliyewahi kuvunjiwa mguu huo kwa sababu ya muziki, tafadhali anunue plagi nyingine leo.

Nilipobaki peke yangu nilianza kuchomoa waya mmoja mmoja. Nilipotoa chaja, laptopu ikabaki kwenye betri, sebule ikanyamaza kabisa. Nikarudisha chaja, nyuki wakarudi. Nikaiacha chaja mahali pake, nikazunguka nyuma ya televisheni na kufungua waya wa dishi kwenye king'amuzi. Kimya! Hapo nikaelewa. King'amuzi changu nacho kimeungwa kwenye amplifaya, ili baba asikie taarifa ya habari kwa spika kubwa. Dishi limesimama uani juu ya bomba la chuma lililochimbiwa ardhini. Kwa hiyo vifaa vyangu vilikuwa vinagusa ardhi mara mbili, kwa ukuta kupitia chaja na kwa uani kupitia bomba, na ardhi hizo mbili hazilingani sawasawa. Umeme kidogo ulikuwa unazunguka kati yake, na njia yake ilikuwa ni ganda la nje la waya wangu wa muziki. Kigeuzi hakikuwa na kosa lolote. Siku hizi nimeweka kitransfoma kidogo cha kutenganisha kati ya king'amuzi na amplifaya. Sauti inavuka kwa nguvu ya sumaku, waya zenyewe hazigusani, na mzunguko umekatika. Vingine vyote nimevichomeka kwenye ekstensheni moja.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Nyuma ya amplifaya za zamani kuna matundu kadhaa yenye maandishi: PHONO, TUNER, AUX, TAPE. Mimi nilichomeka kwenye PHONO kwa kuwa ndilo lililokuwa wazi. Sauti ilitoka imepasuka, besi imevimba kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Tundu lile ni la gramafoni. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo sana, kama sehemu tano za elfu za volti moja, na kigeuzi kinaweza kutoa volti 2 nzima, yaani mara mia nne yake. Tena tundu hilo linapandisha besi na kushusha sauti kali kwa makusudi, kwa sababu santuri hukatwa kinyume chake. AUX ni sawa, TUNER ni sawa, hata TAPE ile ya kuingizia. PHONO kamwe.

Kuhusu sauti ya juu na chini nitakuwa mfupi. Fungua sauti ya kompyuta na ya programu ya kuchezea mpaka mwisho, zima ikwalaiza (kile kirekebishi cha besi na sauti kali) na kile kitufe cha kuongeza besi, halafu tumia kinobu cha amplifaya tu. Ukipunguza kwenye kompyuta unazipunguza zile tarakimu zenyewe, halafu unailazimisha amplifaya ikuze kilichobaki pamoja na mchakacho wake. Na wanaotumia Bluetooth kwenda kwenye sabufa, wakati kigeuzi kipya kimelala mezani, wajue kwamba kinachofanya kazi hapo ni kigeuzi cha ndani ya sabufa.

Lililonikera zaidi ni maneno ya dukani. Nilipopiga simu kulalamikia mvumo, muuzaji aliniambia mambo mawili: ninunue waya wa gharama, ambao bei yake ilikaribia nusu ya bei ya kigeuzi chenyewe, na nikiache kifaa kikicheza saa 200 usiku na mchana mpaka kifunguke, yaani eti sauti yake iwe nzuri zaidi. Hakuniuliza nimekichomeka tundu gani. Hakuniuliza kama nina dishi. Bahati nzuri kazi yangu ni kurekodi. Siku ya kwanza, baada ya kuuondoa mvumo, nilirekodi dakika tatu za kipande kimoja kutoka kwenye kigeuzi. Baada ya wiki tatu nikarekodi kipande kilekile. Nikalinganisha ukubwa wa sauti kwa mita ya kupimia sauti, maana sikio likisikia kitu kilichozidi hata kidogo kwa ukubwa linadhani kimezidi kwa uzuri, kisha nikamwomba mdogo wangu anichezee bila kuniambia kipi ni kipi. Sikuweza kutofautisha, na yeye pia hakuweza. Waya wa gharama niliazima kwa jirani, ikawa vilevile. Waya uwe mzima, usilegee kwenye tundu, uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Kinachofunguka ndani ya saa 200, kwa imani yangu, ni masikio yetu yakizoea.

Nije kwenye spika, kwa sababu hapa ndipo nilipopata faida kuliko kwenye fedha yote niliyotumia. Baba yangu ana miaka 74, mstaafu wa reli, alikuwa akipanga mabehewa stesheni hapa ambapo njia ya Mwanza na ya Kigoma zinaachana. Zamani alikuwa akikaa usiku na redio kaseti akirekodi bendi za mji huu, Tabora Jazz, Nyanyembe, Kiko Kids, kila zilipopigwa na Redio Tanzania. Nilimchezea moja ya kanda hizo, nikiwa nimeihamisha kwa uangalifu kuliko kazi yoyote ya mteja. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Akasema, "Mama, mbona huyu mwimbaji hayupo? Namsikia, lakini sijui amesimama wapi."

Nilidhani ni uzee wa masikio. Kumbe yeye ndiye aliyesikia vizuri kuliko mimi. Matangazo yale ya redio yalikuwa ya mkondo mmoja, kushoto na kulia ni kitu kilekile, kwa hiyo ukiwa na spika mbili mwimbaji anatakiwa asimame katikati kabisa, hewani, mahali pasipo na spika. Akitawanyika, kagua waya za spika. Moja ya kwangu ilikuwa imefungwa kinyume, mwekundu kwenye tundu jeusi, na mweusi kwenye jekundu. Spika moja ilipokuwa inasukuma nje, mwenzake ilikuwa inavuta ndani, na besi zilikuwa zinauana katikati ya chumba. Niligeuza waya kwa bisibisi, kazi ya dakika mbili. Baba akainua mkono akaelekeza ukutani, katikati ya spika: "Huyo. Amekuja."

Baada ya hapo tukashika chumba chenyewe. Sebule yetu ina sakafu ya saruji na kuta za plasta, ukipiga kofi moja kuta zinakujibu. Nilitundika vitenge, havikusaidia kitu, ni vyepesi mno. Kilichosaidia ni zulia zito mbele ya spika, kochi la sponji, na rafu ya kanda kama 600 niliyoihamishia ukuta wa nyuma, inayolitawanya wimbi lisirudi lote kwa pamoja. Spika nilizitoa kwenye pembe za chumba, maana pembe huvimbisha besi, nikaziacha sentimita 60 kutoka ukutani, juu ya stuli, spika ndogo za sauti kali zikilingana na masikio ya aliyeketi. Kati ya spika na spika mita mbili, na kutoka kila spika hadi kiti cha baba mita mbili. Mvua za masika zilipoanza kupiga mabati tuliacha kusikiliza usiku, na hilo halina dawa.

Jambo la mwisho ni nyimbo zenyewe. Wateja wengi huniambia, "Niwekee nyingi." Wimbo wa dakika nne katika MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua kama megabaiti 2. Ukiwa wa kilobiti 320 ni karibu 10, na ukiwa kama ulivyo kwenye CD bila kubanwa ni 42. MP3 hubana kwa kutupa sehemu ya sauti; FLAC, aina nyingine ya faili, hubana bila kutupa kitu, mara nyingi ikabaki nusu au zaidi kidogo ya hiyo 42. Miaka ya nyuma niliwabania watu nyimbo mpaka 64 kwa sababu ndivyo walivyotaka, na sasa najuta, kwa kuwa baadhi ya kanda zile zilikwisha kutupwa baada ya mimi kuzihamisha. Kilichotupwa hakirudi hata ukiigeuza tena iwe 320. Kigeuzi kizuri hapo kinakuonyesha ubaya uliofichwa na spika ya simu: matoazi yanachuruzika kama maji, sauti za kuitikia zinafifia. Siku hizi kanda ya mteja naihifadhi FLAC ya 44,100, nakala yake naitunza, halafu MP3 naitoa kutoka hapo akitaka. Vile vigeuzi vinavyotangazwa kwa 192,000 na 384,000 sina ugomvi navyo, ila sikio la mtoto linafika kama mitetemo 20,000 kwa sekunde, na tarakimu 44,100 zinabeba hadi mitetemo 22,050. Kaseti ya kawaida iliyorekodiwa redioni huko juu haina kitu.

Kwa hiyo ninamwomba ndugu yangu wa Kigoma asikiuze kifaa chake bado. Akirudi nyumbani jioni awashe vyote mpaka mvumo usikike, kisha achomoe chaja, asikilize. Airudishe, achomoe waya wa dishi au wa antena, asikilize tena. Halafu aangalie nyuma ya amplifaya ni tundu gani. Na bila kuvunja mguu wa plagi yoyote. Akimaliza aandike tena hapahapa atueleze, maana kwa mteja aliyeniletea malalamiko kama yake mwezi uliopita, lilikuwa dishi.

Msomaji wako,
Kanyenye, Tabora