Wanaowahudumia watu wazima wasiojiweza wakae meza moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme juu ya watu wazima wasioweza kujilinda wenyewe: wazee waliopoteza kumbukumbu, watu wenye ulemavu wa akili, wagonjwa wa muda mrefu ambao kulishwa, kuogeshwa na kugeuzwa kitandani kwao kunategemea mikono ya wengine. Mtoto akipigwa siku hizi watu hupaza sauti. Mtu mzima akinyanyaswa ndani ya nyumba yake mwenyewe, wengi wetu husema hayo ni mambo ya familia, tukapita.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na yupo mgonjwa mmoja ambaye hajanitoka moyoni hadi leo. Alikuwa bibi mjane aliyepatwa na kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia na kumwachia maneno machache tu. Aliletwa kliniki na mpwa wake, kijana mwenye adabu, ambaye alijibu kila swali kabla bibi hajafungua kinywa. Katika kadi yake niliandika kilo 52, mahudhurio yaliyofuata kilo 48, kisha 45. Siku hiyo ya tatu, nilipokunja mkono wa gauni lake ili nimpime shinikizo la damu, niliona alama nne za vidole upande wa nje wa mkono, na ya tano, ya dole gumba, upande wa ndani. Mpwa akasema alianguka bafuni. Niliandika "afuatiliwe", bila kuandika ni nani wa kumfuatilia, nikamwita mgonjwa mwingine kwa kuwa foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Miezi kadhaa baadaye alilazwa akiwa na kidonda cha mgongoni kilichofika mfupani, kile kinachompata mgonjwa asiyegeuzwa, na hapo ndipo nilipokuja kujua mengine. Karani wa benki alikuwa ameona kwamba pensheni ya bibi inatolewa yote siku ileile inapoingia, kwa dole gumba linaloshikwa na kugandamizwa na mtu mwingine, akamwambia mkuu wake. Jirani alikuwa amekwenda polisi mara mbili kueleza makelele ya usiku, na taarifa yake ikaandikwa kuwa ugomvi wa kifamilia. Ofisa ustawi wa jamii alikuwa amefika nyumbani, akaambiwa mlangoni kwamba bibi amelala, akaandika "hakuonekana" na kuondoka. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyevunja kanuni ya ofisi yake. Kila mmoja alijaza fomu yake na kuifungia katika kabati lake, na bibi akaendelea kukonda.

Ndugu Mhariri, kosa hili si la mahali pamoja. Mwaka 2006, huko Cornwall nchini Uingereza, mtu mmoja mwenye ulemavu wa akili aliuawa na watu waliojifanya rafiki zake, wakahamia nyumbani kwake na kumgeuza mtumwa. Hospitali ilikuwa imemwona, polisi walikuwa na taarifa zake, ustawi wa jamii walikuwa wakimtembelea hadi yeye mwenyewe alipowaambia wasije tena, na kauli hiyo ikapokewa kuwa ni hiari yake bila kuuliza ni nani aliyekuwa nyuma yake akiisema. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kila taasisi ilishughulika na kipande kilichoiangukia na haikuviunganisha vipande hivyo na vya wenzake. Baadaye Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 ilizitaka halmashauri zinazosimamia matunzo ya watu wazima huko England, sehemu kubwa ya Uingereza, kuwa na bodi ya kulinda watu wazima, ambamo halmashauri, polisi na huduma ya afya hawana budi kukaa pamoja. Ikaipa halmashauri wajibu wa kuchunguza inapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtu mwenye mahitaji ya matunzo ananyanyaswa na hawezi kujikinga. Na ikaagiza kwamba mtu kama huyo akifa au akidhurika vibaya, na ikashukiwa kwamba taasisi zingeweza kushirikiana vizuri zaidi, uhakiki ufanywe.

Sisemi kwamba sheria hiyo imekomesha ukatili huko, kwa sababu haijakomesha. Ninachokipenda ndani yake ni kwamba ushirikiano umetolewa katika hisani na kufanywa wajibu. Kwetu sisi tuliofanya kazi hizi, ushirikiano mara nyingi ni namba ya simu ya rafiki uliyesoma naye. Akihamishwa kituo, ushirikiano umekwisha.

Ukubwa wa jambo wenyewe haufichiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 mwenye umri wa miaka 60 na zaidi hufanyiwa ukatili wa aina fulani katika jamii ndani ya mwaka mmoja, na kwamba huenda ni kisa 1 tu kati ya 24 kinachotolewa taarifa. Kwa walio katika nyumba za kulelea hali ni mbaya zaidi. Na kwa wale wanaosema ya nyumbani yaishie nyumbani, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 16, unazitaka serikali ziwalinde watu hawa dhidi ya unyonyaji na ukatili, ndani na nje ya nyumba zao.

Hoja ninayoisikia zaidi kwa wenzangu ni ile ya siri ya mgonjwa. Naiheshimu, maana nimeilia kiapo. Lakini siri ni mali ya mgonjwa. Haikuwekwa ili imfiche anayemdhuru. Karani wa benki hakuhitaji kujua historia ya kiharusi cha bibi, wala mimi sikuhitaji kujua salio lake. Tulichohitaji ni mahali ambapo kila mmoja wetu angesema sentensi moja, "nina wasiwasi na mtu huyu, kwa sababu hii", mbele ya watu walioapishwa kutunza siri, na mmoja wao akaandikwa kwa jina kwamba kesi hii ni yake hadi siku itakapofungwa. Hilo la jina nalisisitiza, kwa kuwa neno "afuatiliwe" limewazika watu wengi.

Jambo jingine, ambalo vikao vya namna hii hulisahau kwa haraka, ni kumuuliza mwenyewe, na kumuuliza akiwa peke yake. Mtu mzima si mtoto. Kupoteza maneno si kupoteza rai. Bibi yule alipolazwa, muuguzi kijana alikaa naye wakati mpwa hayupo, akamwekea maswali mafupi ya kujibu kwa kubana mkono wake mara moja au mbili. Sisi tulikwisha kupanga apelekwe nyumba ya wazee na kijana ashtakiwe. Yeye alitaka kurudi kwake, ufunguo ukae kwa jirani, na pensheni isipite tena mkononi mwa mpwa. Juu ya kushtakiwa kwake alibana mara mbili: hapana. Ilituwia vigumu kulikubali hilo. Pia tulikuja kufahamu kwamba kijana huyo alikuwa amemhudumia peke yake usiku na mchana kwa muda mrefu bila wa kumpokea hata siku moja, jambo ambalo halimtoi hatiani, ila lingejulikana mapema kama mmoja wetu angeuliza.

Ombi langu kwa viongozi wa halmashauri zetu ni dogo kwa kuanzia. Mwite mwakilishi wa kituo cha afya, polisi, ustawi wa jamii, benki, viongozi wa dini na vyama vya watu wenye ulemavu, mara moja kwa mwezi, tarehe isiyobadilika, mwenyekiti mmoja, daftari moja. Ajenda ya kwanza iwe majina ya watu wazima ambao ofisa amewafuata nyumbani mwezi huo akaondoka bila kuwaona kwa macho yake, na nani atakayerudi mlangoni kwa kila mmoja wao kabla wiki haijaisha.

Wako,
Muuguzi mstaafu