Barua ya wazi kwa wasaidizi wa lugha mnaokwenda kufundisha ng'ambo

Marahaba, wanangu.

Wengi wenu mmekwisha kupata barua za kupangiwa shule, na mikataba iko njiani. Nawaandikia kabla hamjasaini. Baada ya saini, ushauri huwa umechelewa.

Jambo kubwa ni moja: msaidizi wa lugha si mwalimu. Wapo wanaoliona hilo kuwa dharau. Mimi naliona ni kinga. Mwalimu wa somo ndiye mwenye darasa. Ndiye anayesahihisha, anayetoa alama, na anayewajibika mtoto akianguka akavunjika mkono. Ninyi mnaingia na mazungumzo, matamshi na lugha inavyosemwa leo. Mpaka huo haufutiki kwa siku moja. Wiki ya 3 mwalimu anatoka "dakika mbili tu" kwenda kutoa nakala. Wiki ya 6 hayupo kabisa. Kufikia mwezi wa 3 tangu mfike mnajaza ripoti za wanafunzi kwa malipo ya msaidizi, na hakuna anayekumbuka ilianzaje.

Nchini Hispania mwongozo wa programu ya wasaidizi unasema wazi kwamba msaidizi asiachwe peke yake na wanafunzi na wala hatoi alama. Ufaransa, katika sekondari, mnaweza kupewa kikundi kidogo mkakaa nacho chumba cha pili, lakini katika shule ya msingi mwalimu hubaki na dhamana ya watoto wake. Basi tafuteni mwongozo wa programu yenu, chapisheni ukurasa wenye kifungu hicho, mkae nao kwenye mkoba. Halafu jifunzeni kwa moyo, kwa lugha ya nchi mnayokwenda, sentensi hii: "Nitafurahi kuwapo darasani pamoja na mwalimu mwingine, lakini mwongozo wangu hauniruhusu kubaki na wanafunzi peke yangu." Mtaihitaji asubuhi mwalimu atakapougua na mkuu wa shule awatazame ninyi. Isemwe kwa upole, siku ileile ya kwanza. Mkikubali mara tatu kisha mkakataa ya nne, mtaonekana mmekuwa wakorofi.

Sasa saa za kazi. Ufaransa na Ujerumani programu za serikali huwa ni saa au vipindi 12 kwa wiki. Hispania ni kati ya saa 12 na 16, kutegemea jimbo. Saa 12 zinasikika kama likizo. Lakini mtu anaweza kugawiwa shule mbili, hata tatu, na hapo ndipo hesabu hubadilika. Chukulia safari ya dakika 50 kwenda na 50 kurudi, siku 5: ni dakika 500, zaidi ya saa 8 za basi zisizolipwa na mtu. Saa zilezile zikibanwa kwenye siku 4, mmeokoa dakika 100 na siku nzima. Kwa hiyo ombi lenu la kwanza shuleni liwe kuhusu ratiba, na liletwe katika wiki mbili za mwanzo, wakati wengi bado wanawaweka mtazame tu madarasa. Ratiba ikishabandikwa ukutani, kuihamisha ni kuwasumbua walimu sita. Ombeni siku moja isiyo na kipindi, na pengo lisilozidi saa moja kati ya kipindi na kipindi. Ulizeni pia kama mwajiri hurudisha sehemu ya nauli ya kadi ya mwezi. Ufaransa hurudisha, ila fomu lazima uijaze mwenyewe.

Andikeni saa zenu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tarehe, shule, darasa, kipindi, nani alikuwapo darasani, na kama kipindi kilifutwa, nani alikifuta na lini. Kipindi kilichofutwa na shule kwa sababu wanafunzi wamekwenda ziara si deni lenu moja kwa moja. Someni mkataba unasemaje kabla ya kukubali "kufidia" Jumatano mchana.

Kwa Japani nina neno la pekee. Programu ya JET, yaani ile ya serikali ya huko iliyoanza mwaka 1987, huwaweka chini ya bodi ya elimu au ofisi nyingine ya serikali ya mtaa, kwa kawaida saa 35 kwa wiki, na mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kuongezwa hadi miaka 5. Kampuni za wakala, zinazowaajiri zenyewe na kuwapeleka shuleni, ni habari nyingine. Kwa miaka mingi baadhi yao waliandika saa 29 na nusu kwa wiki, na namba hiyo haikuja kwa bahati: iko chini kidogo tu ya kiwango kilichomlazimu mwajiri kuwaingiza kwenye bima ya afya na pensheni ya waajiriwa. Sheria imekazwa tangu hapo, lakini bado ulizeni kwa maandishi: je, mtaniandikisha? Na mkiona mkataba wa kandarasi, ule wanaouita gyomu itaku, jueni kwamba shule hairuhusiwi kuwaagiza moja kwa moja. Maagizo hupitia kampuni. Jaribu kufundisha pamoja na mtu asiyeruhusiwa kukwambia "badilisha zoezi hili" uone.

Tuje kwenye fedha, maana hapa ndipo vijana wengi hulia. Malipo ya kwanza huchelewa. Si lazima mtu awe mbaya: ofisi ya mishahara hufunga hesabu mapema katika mwezi, na faili lililokosa karatasi moja husubiri mwezi unaofuata. Karatasi hiyo mara nyingi ni namba ya akaunti ya benki. Benki inataka uthibitisho wa makazi, mwenye nyumba anataka uthibitisho wa kipato, na kipato kinasubiri benki. Kukata duara hilo, ombeni shule iwaandikie barua mbili kabla hamjasafiri: moja ya kuthibitisha kazi na kiasi cha malipo, nyingine ya anwani ya muda. Ufaransa ulizeni kama mnaweza kupewa sehemu ya malipo ya Oktoba mapema, na kama mnastahili dhamana ya kodi ya nyumba iitwayo Visale, ambayo ni bure. Hispania malipo ni posho ya masomo, si mshahara, na kuna majimbo ambako fedha ya Oktoba imewahi kuingia Desemba, hata Januari. Bebeni akiba ya kodi ya nyumba ya miezi 2, amana, na chakula cha miezi 3. Mwenye pungufu ya hapo aombe kwanza kuahirisha, asiende kukopa kwa wenzake.

Karatasi za uhamiaji zina saa yake inayohesabu. Ufaransa viza ya muda mrefu huthibitishwa mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu kuingia. Hispania, kwa kukaa zaidi ya miezi 6, kadi ya mgeni huombwa ndani ya mwezi mmoja, na nafasi za kuchukuliwa alama za vidole huisha haraka, basi anzeni kutafuta wiki ya kwanza. Japani anwani huandikishwa ofisi ya mji ndani ya siku 14. Masomo ya binafsi jioni yasianze kabla hamjajua kama viza inayaruhusu.

Shida ikitokea, anzeni kwa mwalimu mratibu, kisha mkuu wa shule, kisha ofisi ya elimu ya eneo. Malalamiko ya malipo ni tofauti kidogo: Ufaransa, katika baadhi ya maeneo, shule moja huwalipa wasaidizi wa shule nyingine nyingi, kwa hiyo mkuu wenu anaweza kuwa hajui lolote. Tafuteni jina la ofisi iliyo kwenye stakabadhi ya mshahara, muiandikie kwa barua pepe. Simu haiachi ushahidi.

Mkiondoka, chukueni cheti cha kazi chenye idadi ya saa, na stakabadhi zote za malipo. Chumba chenye samani Ufaransa hutolewa notisi ya mwezi mmoja. Aliyechangia pensheni Japani kwa miezi 6 au zaidi anaweza kudai malipo ya mkupuo, mradi aombe ndani ya miaka 2 baada ya kuhama nchi hiyo.

Ni mimi mzee wenu.