Kwa mpwa wangu anayejiandaa kwenda kwa Wamakua

Mpwa wangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimepata habari kwamba umeomba nafasi ya kusomea huduma ya tamaduni mbalimbali, kwa nia ya kwenda kuhubiri Injili miongoni mwa Wamakua wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, nami nimefurahi kuliko nilivyoweza kusema kwenye simu. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengine wa hapa Bagamoyo wana wito kama wako, na kwa sababu baadhi ya wazee wenzangu kanisani wanauliza kwa nini Mwafrika atumie miaka chuoni kujifunza namna ya kuishi na Waafrika wenzake.

Swali lao ni la haki, na jibu langu ni kwamba wewe unayahitaji masomo hayo kuliko Mzungu. Mzungu akifika ugenini anakumbushwa kila saa kwamba yeye ni mgeni, kwa rangi, kwa chakula na kwa lugha, na hata watoto wa njiani humkumbusha. Wewe utafika Nampula ukute mihogo shambani, usikie maneno ambayo mzizi wake ni mmoja na ya kwetu, uone vijana wakiwainamia wazee, na kabla wiki haijaisha utakuwa umeamini kwamba unawajua watu hao. Hapo ndipo utakapoacha kuuliza, na mhubiri aliyeacha kuuliza huanza kujibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza.

Chukua jambo la ukoo. Sisi asili yetu ni Upare, na ukoo wetu unafuata baba. Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi yao mume huhamia kwa watu wa mkewe, na mjomba ana kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Sasa fikiri umesimama mbele ya watu hao ukihubiri kuhusu nyumba ya Kikristo, ukimtaja baba kila mara kana kwamba neno lake ndilo la mwisho, au umekubaliana na baba wa watoto kuhusu ubatizo wao huku mjomba wao hajaulizwa. Watakusikiliza kwa adabu, wataitikia, kisha jambo lenyewe litaamuliwa katika kikao ambacho wewe hukualikwa. Wala huhitaji kuvuka mto Ruvuma ili uanze kujifunza hayo, kwa maana Wakwere, majirani zetu wa hapahapa, nao kwa asili hufuata ukoo wa mama. Kabla hujaondoka, nenda ukawaulize wazee wao namna urithi na ndoa zilivyoamuliwa zamani.

Wamakua wako pia upande wetu, kule Masasi, na historia ya kanisa la huko ningependa uisome mapema. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana, aliyekuwa na makao yake Zanzibar, aliwapeleka huko watu waliokombolewa utumwani. Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alikataa kulifuta jando na badala yake akalitafutia nafasi ndani ya kanisa, likawa na sala na mafundisho ya Kikristo. Sifa nyingi hupewa askofu, lakini mimi naona uzito wa kazi ile ulikuwa kwa makasisi Waafrika, waliofahamu kwa undani jando lilibeba nini na lipi lisingeweza kubaki. Kwa wasichana mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake, na mwanamume wa kanisa hakuwa na mlango wa kuingilia.

Hata misheni yetu hapa Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, isome yote. Kuwakomboa watu utumwani ilikuwa kazi ya rehema, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini waliokombolewa waliishi chini ya ratiba iliyopangwa na mapadre, kuanzia sala hadi kazi za shamba, na mji wenyewe uliendelea kuwa wa Waislamu. Miongoni mwa mapadre hao namheshimu sana Charles Sacleux, aliyejifunza Kiswahili pamoja na lahaja zake kwa uvumilivu mkubwa, hata kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikachapishwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941.

Chuoni utafundishwa theolojia ya Biblia, historia ya misheni, anthropolojia, isimu na masomo ya Uislamu. Usilipuuze hata moja. Kireno utakihitaji kwa ofisi na shule, lakini usikubali kikutoshe, kwa sababu mama anayezika mtoto wake hataomboleza kwa Kireno. Katika Matendo 10 Petro alipokwenda nyumbani kwa Kornelio aliombwa akae siku kadhaa, na katika sura inayofuata ndugu zake wa Yerusalemu walimlaumu kwamba alikula na watu wasiotahiriwa. Hayo ya kukaa na kula ndiyo mazoezi ninayotaka chuo kikupe, tena kwa miezi mingi, chini ya mwenyeji mwenye ruhusa ya kukusahihisha.

Umeniomba nizungumze na wazee wa kanisa ili wakuandikie barua ya utambulisho. Nitafanya hivyo kwa moyo mweupe. Ila kwanza waulize wakuu wa chuo, kisha uniandikie: wakati wa mazoezi utakaa katika nyumba ya nani huko Nampula, nani atakufundisha Kimakua, na je, mwenyeji wako ataulizwa maoni yake kabla hujapewa cheti?

Mjomba wako,
Bagamoyo