Mwache Mzee Alitafute Neno Lake

Wateja wengi hutuletea rekodi za wazee wao wakitaka tuzisafishe sauti, na mara nyingi kasoro ya kwanza tunayoisikia haitokani na mashine. Mzee ameulizwa jinsi alivyoondoka kwao akiwa kijana. Anaanza, anasita, anavuta pumzi, na kabla hajalipata neno analolitafuta, mjukuu amekwisha kumrukia kwa swali la pili. Mvumo wa feni tunaweza kuupunguza, lakini sentensi iliyokatizwa hatuna namna ya kuirudisha.

Ndiyo maana katika mahojiano tunayoyasimamia sisi wenyewe humwomba anayeuliza ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kila mzee anaponyamaza. Swali nalo limpe mzee nafasi: ukiuliza, “Je, maisha ya utotoni yalikuwa magumu?” atakujibu “ndiyo” na kunyamaza, ilhali ukimwambia, “Nitembeze katika nyumba uliyokulia, kuanzia mlangoni,” ataanza kukuonyesha kwa mikono mahali kilipokaa kitanda cha mama yake. Wazee kwa kawaida hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya umri wa takriban miaka 10 hadi 30, kwa hiyo hapo ndipo pa kukawia, tena mkiwa na picha za zamani mkononi.

Kuhusu sauti, kipaza sauti kidogo kinachobanwa kwenye nguo, yapata sentimita 20 kutoka mdomoni, hushinda simu iliyolazwa mezani. Zimeni feni, ondoeni saa ya ukutani, kisha jaribuni kwa nusu dakika na msikilize. Rekodini kwa WAV, aina ya faili inayohifadhi sauti yote, kwa kuwa MP3, aina ya faili iliyobanwa, hufuta sehemu ya sauti isiyoweza kurejeshwa. Saa moja ya WAV ya stereo (njia mbili za sauti) kwa kiwango cha ubora cha biti 24 na kilohezi 48 huchukua takriban gigabaiti 1. Wekeni nakala tatu, moja ikae nje ya nyumba.

Jambo moja hatulilegezi: mzee aulizwe kabla ya kuanza ni nani ataruhusiwa kusikiliza, na aulizwe tena mwishoni, kwani huenda amesema jambo ambalo hakukusudia kulisema.

Kuandika saa moja ya mazungumzo hutuchukua saa nne hadi sita, kwa sababu hatumsahihishi msemaji: lafudhi yake, maneno yake ya zamani na hata pale aliponyamaza, vyote tunaviandika vilivyo.